Naomba ushauri: kaunta ya jikoni na vibao vya kukatia, nyumba ya samaki na mawese (Kigoma)

BintiGungu

Wakubwa shikamooni, na wa rika langu habari za kazi.

Tunamalizia nyumba huku Gungu. Plasta imekauka, na fundi anasubiri jibu langu la jikoni. Slebu ya kaunta imeshamwagwa, mita tatu hivi kufuata ukuta wa dirishani, halafu inakunja kona fupi kwenda kwenye sinki. Juu tuweke nini: tailizi, terazo, au tujibane tuagize graniti Dar?

Niwaeleze kwanza kwetu kunapikwaje. Ni migebuka na dagaa wabichi karibu kila siku, kuhe akipatikana. Mama mkwe, chakula bila mawese kwake bado hakijapikwa. Ndimu haziishi. Sufuria ikitoka kwenye mkaa inatua palepale kauntani na masizi yake.

La pili ni kibao cha kukatia. Ninacho kimoja cha plastiki, kimegeuka rangi ya chungwa na mikwaruzo imekijaa. Shemeji anasema ninunue cha kioo kwa sababu hakishiki harufu. Jirani anasema mbao inafuga vijidudu. Nimsikilize nani?

FundiKatubuka

Dada, hongera kwa hatua hiyo. Kazi yangu ni tailizi, lakini kwa mapishi uliyoyataja naomba uangalie viungio kabla ya kuangalia jiwe.

Tailizi ya pozelini yenyewe haina neno. Ndimu haiiharibu, mawese yanafutika. Kinachoharibika ni grauti, ule ujazo wa kati ya tailizi na tailizi. Grauti ya kawaida ni saruji, ina vitundu na inakunywa. Ukitumbua samaki pale, maji yake na mafuta yanaingia kwenye ule mstari mwembamba, na brashi haiwezi kuyafuata huko. Mistari inageuka kahawia, jikoni kunaanza kunuka na huoni kinachonuka. Nimeitwa nyumba nyingi kwa tatizo hilohilo.

Kwa hiyo, ukichagua tailizi, chukua za sentimita 60 kwa 60. Kaunta nyingi zina kina cha karibu hapo, hivyo tailizi moja inatosha kutoka mbele hadi ukutani na viungio vinabaki vichache. Vijazwe grauti ya epoksi, ile ya gundi ngumu isiyokunywa maji. Bei yake imesimama na inakauka upesi, fundi asiyeizoea atakuachia utando juu ya tailizi usiotoka, basi muulize kabla kama ameshaifanya. Pale kaunta inapokutana na ukuta, na kuzunguka sinki, weka silikoni, ile dawa ya kuziba inayobaki kama mpira. Slebu na ukuta havitembei pamoja, ukiweka grauti hapo ufa utatoka tu.

Terazo nakukataza kwa ajili ya ndimu. Ni saruji na vipande vya marumaru, na tindikali ya ndimu inavila vyote viwili. Mng'ao unaondoka kwa mabaka, na pale palipoliwa ndipo mawese yanaposhika.

MamaKibirizi

Mimi nipo upande wa graniti. Ndimu haiigusi, na kwa ukuta wako wa mita tatu unaweza kupata bila kiungio chochote, au na kimoja tu pale konani. Ila mdogo wangu, jua unachokiagiza. Graniti ya milimita 20 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa kila mita ya mraba, na ikishatobolewa tundu la sinki, ile mikanda myembamba ya mbele na nyuma ya tundu ndiyo inayovunjika njiani. Isafirishwe imesimama wima, isilazwe. Sinki likatiwe hukuhuku ukipata fundi mwenye mashine.

Kabla ya kulipa, dondoshea jiwe matone ya maji, subiri kama dakika 15. Pakigeuka peusi, jiwe linakunywa na lazima lipakwe dawa ya kuziba. Hata lililozibwa, mawese yafute mapema. Chagua rangi ya giza.

Na sufuria ya mkaani usiitue juu ya jiwe tupu. Graniti inavumilia joto, lakini moto wa ghafla sehemu moja unaweza kuipasua, hasa karibu na tundu la sinki. Weka kipande cha ubao chini yake.

Mnyanyembe

Nipo Tabora, nachonga samani. Nijibu la kibao.

Cha kioo usinunue. Kinaua makali ya kisu siku chache tu, na kisu butu juu ya kioo chenye utelezi wa samaki ndicho kinachokata vidole.

Kuhusu mbao na vijidudu: mtafiti mmoja wa Marekani, Dean Cliver wa Chuo Kikuu cha California pale Davis, alilipima jambo hili. Bakteria waliopakwa kwenye mbao walizama ndani, hawakuzaliana, wakafa taratibu. Plastiki mpya ilisafishika vizuri, lakini iliyochanjwa na kisu ilikuwa ngumu kusafisha kwa mkono, hasa ikiwa na mafuta ya kuku. Sasa kiangalie hicho chako cha chungwa.

Ubao uwe mgumu. Mwembe unafaa. Mninga ni mbao tulivu, haujikunji ovyo, ila hakikisha umekauka kabisa. Paini ni laini mno, kisu kinazama. Unene usipungue sentimita tatu, na usikubali kibao kilichopakwa vanishi, itabanduka iingie kwenye chakula.

Kukitunza, chukua nta ya nyuki, ambayo huku kwetu haina shida, yeyusha sehemu moja kwa sehemu nne za parafini ya maji ile ya duka la dawa. Nasema ya duka la dawa, siyo mafuta ya taa! Yeyushia ndani ya bakuli lililokaa kwenye maji ya moto, siyo juu ya moto wenyewe. Paka kibao kikiwa kikavu, acha usiku kucha, futa. Mafuta ya alizeti au mawese usipake, yanachacha ndani ya mbao.

Muuguzi_Ujiji

Nyongeza ndogo lakini muhimu: uwe na vibao viwili, cha samaki na nyama, na cha mboga na matunda. Samaki anakwenda motoni, kachumbari haiendi. Hapo ndipo watu wanapougulia.

Cha samaki kiwe cha plastiki, ukibadilishe kikichanika. Anza kukiosha kwa maji baridi, maana ukianza na ya moto, ute wa samaki unagandia kwenye mikwaruzo. Kisha sabuni na maji ya moto. Mwisho jiki isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne za maji, iache dakika chache, suuza. Usiichanganye na ndimu wala siki, inatoa hewa ya sumu.

Rangi ya mawese, anika plastiki juani, inafifia yenyewe. Cha mbao kisimamishwe kivulini penye upepo, jua litakipasua.

BintiGungu

Nawashukuru sana, nimesoma na mume wangu mstari kwa mstari. Graniti kwa sasa haitawezekana. Tunaweka pozelini ya 60 kwa 60 na epoksi, na kibao cha mwembe kwa mboga. @FundiKatubuka, kaunta inatakiwa iwe na kimo gani? Slebu ipo sentimita 86 kutoka sakafuni, lakini sakafu bado haijawekwa tailizi.

FundiKatubuka

Tailizi na gundi ya kaunta vitakuongezea sentimita mbili hivi, na za sakafuni zitakupunguzia karibu hizohizo. Utabaki palepale kwenye 86. Wengi wanajengewa 90.

Simama wima, kunja kiwiko, pima kutoka sakafuni hadi kiwikoni, toa sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo kisu kinapokatia bila mgongo kuuma. Kumbuka kibao kina unene wake, sentimita tatu nne. Mpime na mama mkwe, kama ndiye anayetumbua samaki. Mkiona panahitaji kupanda, niambie kabla ya tailizi, tuongeze tabaka la zege sasa.