Steji ikihama, ramani nayo ihamishwe vipi?

Swali – RamaniMtaani
Wakuu, natunza data ya matatu ya GTFS (mafaili ya njia, steji na ratiba yanayosomwa na app za ramani). Tuseme steji ya mjini ya matatu za 111 (Nairobi–Ngong) inatoka Railways kwenda Green Park kuanzia Jumatatu. Nimejaribu kubadilisha latitudo na longitudo kwenye stops.txt (orodha ya steji), njia zote za Railways zikahama pamoja, na mstari wa 111 ukabaki unaishia kule kwa zamani. Isitoshe, gari za alfajiri zinaonekana kuanza adhuhuri.

MakangaWaData
Railways irudishe ilivyokuwa, kisha ongeza steji mpya yenye stop_id (kitambulisho) yake. Kwenye stop_times.txt (saa za kila safari kwa kila steji) badilisha safari za 111, za kwenda Ngong na za kurudi mjini (hizi za kurudi ndizo husahaulika). Mstari hautoki kwenye stops.txt, unatoka shapes.txt (pointi za mchoro wa njia). Chora upya kipande cha mwisho, na kama unatumia shape_dist_traveled (umbali kutoka mwanzo wa mstari), pima tena.

Hiyo ya adhuhuri ni Kiswahili chetu: mtu kaandika saa kumi na mbili asubuhi kama 12:00:00. Mfumo unahesabu toka usiku wa manane, kwa hivyo ni 06:00:00. Gari la usiku likifika saa saba, andika 25:00:00, si 01:00:00. Ukitumia Excel, ingiza kila safu kama maandishi, la sivyo itakuharibia saa.

Foleni_Juu
Mkuu hapo juu, ukibadilisha safari zilezile leo, abiria wa Jumapili atapelekwa steji ambayo haijaanza. Nakili safari za 111 kwa trip_id (kitambulisho cha safari) na service_id (cha siku za huduma) mpya. Kwenye calendar.txt, ya zamani iishe Jumapili, mpya ianze Jumatatu, zote ndani ya zip moja. Data iwe halali angalau siku 7 mbele, ikiwezekana 30. end_date (tarehe ya kuisha) ya mwisho ikipita, njia inatoweka ilhali matatu zinapiga kazi.

Nakili pia mistari ya 111 kwenye frequencies.txt (inayosema gari hupita kila baada ya muda gani). Trip_id mpya isipokuwemo humo, 111 itaonekana ikipita mara moja tu kwa siku.

RamaniMtaani
Kumbe! Je, safari moja yenye headway_secs (sekunde kati ya gari na gari) 300 inatosha kutwa nzima?

Foleni_Juu
Hapana. 300 ni gari kila dakika 5, lakini muda wa steji hadi steji unabaki ule ule wa stop_times. Tengeneza safari ya msongamano wa asubuhi, ya mchana na ya jioni, kila moja na muda wake. exact_times iache 0 (yaani saa si kamili). Matatu haiondoki kwa saa, inaondoka ikijaa.