Mliosoma Jiografia ya kidato cha 5 na 6 kwa simu, tupeane uzoefu

Habari za jioni wadau. Nipo Tabata, nauza kwenye duka la dawa. Nilimaliza kidato cha nne 2012, cheti kikalala kabatini miaka zaidi ya kumi kikiwa na C tatu: Historia, Jiografia na Kiingereza. Siku moja mteja akaniambia kuwa C tatu zinatosha kujiandikisha mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikafuatilia NECTA, ni kweli. Nikachukua masomo hayohayo matatu, yaani HGL, nikasoma usiku baada ya kufunga duka, walimu nikawapata kwa WhatsApp na Zoom. Mwezi wa tano mwaka jana nikakaa kwenye chumba cha mtihani na watoto niliowazidi miaka kumi na tatu.

Historia ni kusoma na kuandika, Kiingereza kilienda. Jiografia ndiyo iliyonitoa jasho, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Nianze na la kwangu. Mwalimu alitutumia ramani ya topografia ya 1:50,000, akauliza urefu wa reli kutoka ukingo wa mashariki mpaka stesheni. Nikalaza uzi juu ya kioo cha simu. Nikivuta picha kwa vidole reli inarefuka, nikiachia inafupika. Nikaona hapa hakuna kipimo. Kesho yake nikaenda stesheneri, nikachapisha, nikapima upya: sentimita 10.5. Kwa 1:50,000 kila sentimita 2 ni kilomita 1, kwa hiyo nikatuma jibu la kilomita 5.25 nikiwa na uhakika kabisa.

Mwalimu akajibu: "Ni 7.5. Weka rula kwenye kipimio cha mstari."

Nikaweka. Ule mstari wa chini ya ramani, kilomita 1 ilikuwa imekaa kwenye sentimita 1.4, siyo 2. Ramani yenyewe ilikuwa ya A3, mashine ikaibana iingie A4. Mito, barabara, reli na kile kipimio cha mstari vyote vikasinyaa pamoja. Kilichobaki vilevile ni maandishi ya "1:50,000", na mimi ndiyo niliyoyaamini. Gawa 10.5 kwa 1.4 uone.

Darasani mtu asingepata kosa hili, maana ramani ingekuwa mezani kwa ukubwa wake. Sisi wa simu tunalipata, na hakuna aliyekuwa ametuonya. Ndiyo maana nimeanzisha uzi huu. Najua wapo wengine Dar hii wanasoma peke yao usiku wakidhani hawana akili ya Jiografia, kumbe ni karatasi imebanwa. Naomba mniambie yaliyowakuta ninyi wenyewe. Ushauri wa jumla tunao wa kutosha.

Dereva wa Mbagala

Dada hongera sana, na mimi nichangie. Naendesha daladala, nasoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi). Bando nanunua la usiku kwa sababu ndilo ninaloliweza, napakua vipindi, mchana nasikiliza kituoni nikisubiri foleni yangu. Kwenye mabonde ya mito mwalimu alieleza mchoro wa mvua na maji ya mto, kwamba kilele cha mvua na kilele cha maji mtoni haviji pamoja, kuna muda kati yake. Nikarudia mara tatu sikuelewa.

Halafu nikakumbuka Jangwani, pale barabara inapovuka Mto Msimbazi. Sisi madereva tunajua siku nyingine Kariakoo pakavu kabisa, jua linawaka, lakini barabara inafungwa maji yamejaa. Tulikuwa tunashangaa tu. Mto Msimbazi unaanzia huko vilima vya Pugu na Kisarawe. Mvua imepiga kule asubuhi, maji yanasafiri, sisi tunakutana nayo huku chini baadaye. Na kadiri bonde linavyojazwa mabati, saruji na lami, maji hayapati pa kuzama ardhini, yanakimbilia mtoni, kwa hiyo ule muda unafupika na kilele kinapanda. Yale mafuriko ya Desemba 2011 yaliyowahamisha watu kwenda Mabwepande nilikuwa nayajua kama msiba tu. Sasa naweza kuyachora.

Niseme na hili: kuna kundi la tuisheni tulilipa ada ya miezi mitatu, wiki ya tano msimamizi akatutoa wote na namba haipatikani tena. Silitaji, ila iliniuma. Tangu hapo nalipa kwa wiki, na naomba kwanza kuona kazi ya mwanafunzi aliyesahihishwa. Mwalimu anayesahihisha hafichi, atakuonyesha.

Mama wa Mikocheni

Mimi ni mzazi. Kijana wangu alianza A-level ya Uingereza kwa masafa, tukiwa tumevutiwa na vipindi vizuri na vitabu vya mtandaoni. Hatukusoma masharti mpaka mwisho. Kule Jiografia inamtaka mwanafunzi afanye siku zisizopungua 4 za kazi ya uwandani, kisha aandike utafiti wake mwenyewe unaobeba asilimia 20 ya alama, na shule inayomsajili ndiyo inayousimamia na kuusahihisha. Kwa mtahiniwa binafsi aliye Dar tulihangaika sana kupata wa kuubeba. Mwishowe tukahamia mtaala wa Cambridge International, ule wa namba 9696, wenye pepa nne na hauna utafiti wa kukabidhi. Tulipoteza muhula mzima. Mzazi mwenzangu, kabla hujalipa uliza hilo kwanza.

Jingine dogo. Kipindi chake kilikuwa saa 11 jioni ya London, huku kwetu saa 2 usiku. Mwisho wa Machi wenzetu wakasogeza saa zao mbele, kikawa saa 1. Akakosa vipindi viwili kabla hatujajua. Nikamwambia mwanangu, wewe ndiye mwanafunzi wa Jiografia, hili lilikuwa somo lako.

Kijana wa 2020

Sisi shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya Corona, kidato cha sita tukarudi tarehe 1 Juni. Ile miezi miwili na nusu nilisoma kwa simu ya mama, naipata akilala. Nilichora kila mchoro kwa mkono kwenye daftari, siyo kupiga picha ya skrini. Nilikuwa na picha za skrini mia nne na zaidi, na sikumbuki hata moja. Ile michoro naikumbuka mpaka leo.

Fundi wa Chanika

Wakuu, mimi nimefaidi kwenye upimaji. Kwenye video jamaa anaonyesha kifaa cha kupimia usawa wa ardhi, kipo juu ya miguu mitatu, na mimi kifaa hicho sijawahi kukishika. Ila ni fundi ujenzi. Tunaposeti msingi tunatumia mpira wa maji, ule mweupe unaoonyesha ndani. Mmoja anashika ncha huku, mwingine kule kwenye mambo, yaani kile kigingi tunachokipigilia chini, maji yanasimama usawa mmoja hata kama ardhi ina mteremko. Tofauti ya kutoka maji mpaka chini, huku na kule, ndiyo mteremko wenyewe. Nikagundua hesabu ni ileile niliyoifanya miaka nane bila kuiandika.

Basi Jumapili nikamchukua saidia fundi wangu, tukafanya kwenye kiwanja cha jirani. Mambo ya kwanza nikaipa mita 100.00. Usomaji wa nyuma, yaani pale tulipotoka, 1.45, wa mbele, yaani pale tunapoelekea, 0.95, maana yake ardhi imepanda 0.50, mambo ya pili ni 100.50. Tukaenda hivyo mpaka mambo ya sita. Mwisho jumla ya usomaji wa nyuma ukitoa jumla ya wa mbele lazima ilingane na kimo cha mwisho ukitoa cha kwanza. Yetu ililingana, ila hiyo inakagua hesabu tu, kwa hiyo tukapima kurudi mpaka mambo ya kwanza, na badala ya 100.00 kimo kikapishana kwa sentimita 3. Tukarudia, kumbe mpira ulikuwa na kiputo cha hewa. Tulipokitoa ikalingana. Saidia fundi ameniomba nimwandikie hiyo jedwali, na yeye anataka kurudi shule.

Mwalimu wa Temeke

Nimefurahi kuwasoma wanangu. Nafundisha Jiografia, jioni nafundisha kwa mtandao. Niseme mambo mawili yanayoniumiza.

Notsi zinazozunguka kwenye simu ni za zamani mno. Juzi mwanafunzi kanitumia insha ya idadi ya watu, ameandika Tanzania ina watu 44,928,923. Hiyo ni sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ni 61,741,120, na Dar es Salaam peke yake 5,383,728. Mwingine anaeleza usafiri wa reli wa nchi hii bila kutaja SGR, wakati treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma inafanya kazi tangu 2024. Mwingine nishati ya maji kaishia Mtera na Kidatu, bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 hana habari nalo kabisa. Msahihishaji anaona mara moja kwamba huyu kakariri. Anzeni na maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, halafu tarakimu zihakikisheni kwenye ripoti yenyewe ya sensa.

La pili ni lugha, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Vipindi vingi vya mtandaoni walimu tunaeleza kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachoeleweka, na mimi nafanya hivyo. Lakini mtihani ni wa Kiingereza. Mwanafunzi wa darasani angalau anaandika zoezi kila wiki. Wa simu anasikiliza miezi minane, anaelewa kabisa, siku ya kwanza kuandika insha nzima ni siku ya mtihani. Nimewapoteza watu wenye akili nyingi kwa njia hiyo. Sasa hivi simpokei mwanafunzi asiyekubali kunitumia picha ya insha moja aliyoiandika kwa kalamu kila Ijumaa. Wengine wanaona ni usumbufu, wanaondoka. Waliobaki wanafaulu.

Binti wa Msasani

Mwalimu shikamoo. Umenigusa hapo kwenye lugha. Baba yangu ni mvuvi. Nilikuwa nakariri maji ya bahari kwa Kiingereza, mwezi na jua vikikaa mstari mmoja inakuwa hivi, vikikaa pembe mraba inakuwa vile, vinanichanganya kila siku. Baba akanisikia nasoma kwa sauti, akauliza ni nini. Nikamweleza. Akasema, "Si bamvua na maji mafu hayo?" Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu. Nimezaliwa naisikia hiyo nyumbani, sikuwahi kuiweka pamoja na daftari. Sikuichanganya tena.

Na ninyi wa ramani, njooni ufukwe wa Coco siku ya bamvua maji yakiwa yamekupwa. Ule mwamba mnaokaa juu yake ni matumbawe ya kale. Matumbawe huota chini ya maji, ukiyakuta juu ya kichwa chako ujue bahari iliwahi kuwa juu zaidi au nchi imeinuka. Chini yake mawimbi yamekula, kuna kama bweta limeingia ndani, na mbele yake sakafu ya mwamba imenyooka kuelekea baharini. Yote yale yaliyo kwenye sura ya pwani yapo pale, bure.

Wa Tabata tena

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Fundi, naomba hiyo jedwali na mimi. Mwalimu, Ijumaa nina mdogo wangu wa kukutumia, ameshakubali kuandika kwa kalamu.

Binti wa Msasani, tumepanga watu watano mpaka sasa, na dereva amesema atatuchukua Buguruni. Mwezi mwandamo ujao unaangukia wikiendi. Baba yako anasema siku za bamvua maji yanapwa kama saa 4 asubuhi, basi tukutane saa 3 tupate muda wa kuchora kabla hayajaanza kurudi. Njooni na daftari, penseli na viatu vya kufunga, matumbawe yanakata.