Tupeane uzoefu: keki yako ya kwanza ya ghorofa, yenye matunda juu

Mwanzilishi
Leo Kariakoo nimeona dada kwenye bajaji kaikumbatia keki ya ghorofa tatu kama kichanga. Nikakumbuka yangu ya kwanza, ya kipaimara cha mdogo wangu. Nilipanga nanasi lililotoka kumenywa, nikamwagia jeli juu. Imelala kwenye friji, asubuhi ni maji matupu. Kumbe nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachovunja jelatini, ile inayogandisha jeli. Lichemshe kwanza, au tumia la kopo. Haya, leteni yenu.

Mama Pacha
Papai na kiwi ni hivyo hivyo. Nilimlaumu muuza duka bure.

Binti wa Tanga
Umenigusa. Send-off ya dada yangu, Desemba, joto lile la Tanga mnalijua. Oveni ya kuazima ilikuwa ndogo, ghorofa ya chini nikaioka kwenye sufuria la mchanga, mkaa chini na juu. Zote tatu ziliumuka vizuri. Nikazipaka krimu zikiwa bado na uvuguvugu, nikazipandanisha bila kijiti wala kadibodi. Juu nikapanga stroberi za Lushoto na embe dodo. Nimeosha, sijakausha.

Saa nane mchana tukapakia kwenye bajaji. Tuta la kwanza salama. La tatu, ghorofa ya juu ikaanza kuteleza taratibu, kama mtu anayesinzia. Nikaidaka kwa mikono miwili. Maji mekundu ya stroberi yakapita katikati ya vidole mpaka kwenye viwiko, yakachuruzika kwenye gauni la sare. Dereva akasimama ghafla: "Dada, umeumia?" Ile kusimama ghafla ndiyo ikaangusha na ya kati.

Ukumbini shangazi hakunigombeza. Aliikwangua ile ya chini, akaifunika kwa embe tupu, bibi harusi akakata hiyo.

Jirani wa Mbagala
Jamani, gauni la sare! Pole sana.

Fundi Oveni
Pole. Vijiti vya mishikaki, vinne au vitano, uvichomeke ghorofa ya chini, uvikate usawa wake, kadibodi ikae juu yake. Na pwani krimu ya maziwa achaneni nayo, tumieni siagi na sukari ya unga.

Mama Pacha
Siagi kwa Januari ya Dar? Inalegea mbele ya wageni. Changanya na mafuta ya kupikia ya mgando.

Fundi Oveni
Mafuta ya mgando yanaganda kwenye kaakaa, mama. Mimi nalaza keki kwenye friji usiku kucha, inafika imara.

Mama Pacha
Na umeme ukikatika saa sita usiku?

Jirani wa Mbagala
Nunueni barafu, yaishe.

Mgeni Jikoni
Naomba vipimo, naoka Jumamosi.

Fundi Oveni
Siagi, sukari, unga, kila kimoja robo kilo. Mayai manne. Hiyo ni ghorofa moja ndogo. Matunda panga mwisho kabisa, yamekauka kwa kitambaa.

Mama Pacha
Mayai matano, ya kienyeji ni madogo.

Mgeni Jikoni
Asanteni. Binti wa Tanga, dereva uliachana naye vipi?

Binti wa Tanga
Alikataa nauli. Aliomba kipande cha ile iliyoanguka, akakila amesimama pale nje ya ukumbi, akarudi kuomba cha mkewe.