Nimemaliza digrii Marekani, nataka masters Ulaya. Naomba ushauri wenu

BintiWaDayton:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mwezi Mei nimemaliza BA ya sosholojia katika chuo cha serikali hapa Ohio, GPA 3.4, pamoja na krediti 18 za takwimu. Wazazi wangu walitoka Uvira, Kongo, mimi nimekulia hapa. Ada za masters za huku siziwezi, na mkopo wa serikali wa digrii ya kwanza bado unanidai. Nasikia vyuo vya umma vya Ujerumani ni bure. Natamani kusoma sayansi ya data huko au Uholanzi. Mama kila jioni ananiuliza nitaishi kwa pesa gani, sina jibu. GPA yangu inatosha? Nianzie wapi?

Mtafiti_Mannheim:
Hongera sana dada. GPA iweke pembeni kwanza, chukua transkripti uhesabu masomo. Huku masters ni mwendelezo wa digrii uliyosoma. Marekani mtu wa historia akijieleza vizuri anaweza kupokelewa kwenye fani nyingine kabisa. Ujerumani kamati inataka kuona una krediti ngapi za hesabu na ngapi za kompyuta. Krediti 1 ya Marekani kwa kawaida huhesabiwa kama 2 za Ulaya, kwa hiyo takwimu zako ni kama 36. Umesoma kalkulasi? Aljebra ya mstari? Kuandika programu? Kama hapana, sayansi ya data nyingi zitakukataa hata ungekuwa na 4.0, na barua ya kueleza nia haizibi pengo hilo.

Mimi ningekushauri uingilie mlango wa sosholojia. Hapa Mannheim ipo masters ya sosholojia kwa Kiingereza, na uzito wake uko kwenye takwimu na mbinu za utafiti. Chuo cha Utrecht, Uholanzi, nao wanayo ya miaka miwili ya sosholojia na utafiti wa jamii. Digrii yako inaingia pale bila kulazimisha, na data utaishika kila siku.

GPA yako haina shida. Kwa fomula ya Bavaria, ambayo Wajerumani huitumia kugeuza alama za nje kuwa za kwao, kama 2.0 ndiyo alama ya chini ya kuhitimu chuoni kwako, 3.4 inakuwa 1.9. Usishtuke, huku 1 ndiyo ya juu.

KakaWaBremen:
Hilo neno "bure" liangalie vizuri. Mannheim iko jimbo la Baden-Württemberg, na tangu 2017 wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya wanalipa euro 1,500 kwa muhula. Majimbo mengine mengi unalipa mchango wa muhula tu. Uholanzi ndiyo ghali: kwa Mmarekani ada mara nyingi inapita euro 15,000 kwa mwaka.

Mama mjibu hivi: Ujerumani wanataka uoneshe pesa ya kuishi mwaka mzima. Wengi wanaiweka kwenye Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa, euro 11,904, halafu benki inakuachia 992 kila mwezi. Kibali cha mwanafunzi kinakuruhusu kazi siku 140 nzima kwa mwaka. Usisahau pia Erasmus Mundus, ufadhili wa masters wa Umoja wa Ulaya. Inalipa ada na kukupa euro 1,400 kwa mwezi, Wamarekani wanaruhusiwa, na maombi mengi hufungwa kati ya Oktoba na Januari.

Mzee_Minnesota:
Binti yangu, una pasi ya Marekani au greencard?

BintiWaDayton:
Shikamoo mzee. Nina pasi, tulipata uraia nikiwa sekondari.

Mzee_Minnesota:
Basi umerahisishiwa. Unaingia Ujerumani bila viza, unaomba kibali cha ukaazi ukiwa kule ndani ya siku 90. Ila usianze kazi kabla ya kibali. Nauliza kwa sababu vijana wetu wenye greencard na pasi ya Kongo lazima waombe viza kabla ya safari, na wakikaa nje ya Marekani mwaka mzima bila kibali cha kurudi wanahatarisha ukaazi wao.

MamaMhasibu:
Mwanangu, kuna jambo wenzako hawajalitaja. Sperrkonto ni akaunti ya nje, na euro 11,904 inapita dola 10,000. Raia wa Marekani akifikia hapo anapaswa kutoa taarifa ya FBAR, yaani ya akaunti za nje, kwa FinCEN, idara ya Wizara ya Fedha ya Marekani, kila mwaka. Hulipi kodi kwa hiyo taarifa, ni kujaza mtandaoni tu, lakini faini ya kutojaza ni kubwa. Na mkopo wako: uliza chuo kama kimo kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani ya vyuo vya nje. Kikiwemo, marejesho yanaweza kusimamishwa ukiwa masomoni.

BintiWaDayton:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimehesabu: kalkulasi ninayo moja, kompyuta sina kabisa. Sayansi ya data naiacha. Naomba Mannheim, na Erasmus Mundus moja ya sayansi ya jamii. Utrecht nikipata ufadhili tu. Mama nimemsomea uzi wote, sasa anauliza baridi ya huko. Kuna cha kufanya wiki hii?

Mtafiti_Mannheim:
Pakua silabasi za kozi zote za takwimu na mbinu za utafiti kabla chuo hakijafunga akaunti yako ya mwanafunzi. Kamati ikitilia shaka krediti, hizo ndizo utakazowatumia. Mwambie mama baridi ya Ohio ni kali kuliko ya Mannheim.