Mjadala: Wachoraji wa Renaisansi (Ulaya, karne ya 15 na 16) waliheshimu kazi ya wanawake wasokotaji uzi, au waliifunika?

Mchokozi wa Hoja: Wadau, kuna picha mbili za mume na mke alizochora Maarten van Heemskerck mwaka 1529, zipo Rijksmuseum, Amsterdam. Mume ana daftari la hesabu na sarafu mezani. Mke yupo kwenye gurudumu la kusokotea, uzi mkononi. Mimi naona wamepewa heshima sawa. Mnasemaje?

Baba Neema: Heshima ipi? Gurudumu lenyewe limenakshiwa kama fenicha ya sebuleni. Huyo ni mke wa tajiri, hasokoti ili ale. Ni alama ya mke mwema tu, sawa na Penelope, yule mke mwaminifu wa hadithi za Kigiriki, kwenye picha ya Pintoricchio kule London, anafuma huku paka anachezea donge la uzi. Tena kusokota ni kazi ya kupitishia jioni.

Binti wa Fundi: Ya kupitishia jioni? Mama yangu kanisomesha kwa cherehani, leo mgongo haunyooki. Hata huyo Penelope, kufuma mchana na kufumua usiku ndiko kulikomwepusha na wachumba waliotaka kumwoa mumewe akiwa mbali.

Baba Neema: Dada, sikumgusa mama yako. Nimesema kusokota, sikusema kushona.

Binti wa Fundi: Bila msokotaji, mfumaji angefuma nini? Jibu hilo kwanza.

Msomaji wa Pwani: Tusitoke nje ya mada. Florence, Italia, sufi ilisokotwa na wanawake majumbani, wakilipwa ujira mdogo, na chama cha biashara ya sufi, Arte della Lana, kilikuwa mikononi mwa wenye mitaji. Wasokotaji wale ndio wanaokosekana kwenye picha. Pale kasri la Schifanoia, Ferrara, mchoraji Francesco del Cossa kawachora wanaofuma na kutarizi, lakini kwa mavazi ya kifahari, kumtukuza Minerva, mungu wa kike wa Kirumi wa kazi za mikono.

Mchokozi wa Hoja: Wapo. Isaac van Swanenburg wa Leiden, Uholanzi, miaka ya 1590, kawachora wanawake wakisokota na wanaume wakifuma, kwa ajili ya jumba la biashara ya vitambaa vya sufi.

Baba Neema: Jumba la wafanyabiashara! Kwa hiyo walijisifia biashara yao. Umenipa hoja.

Binti wa Fundi: Bado hujanijibu, Baba Neema. Na mkija kwa fundi, mnaomba punguzo au hamwombi?

Baba Neema: Kila mtu anaomba punguzo, dada.

Binti wa Fundi: Kwa daktari huombi.