Mjadala: Wakubwa wa chuo kikuu wakatwe mishahara ili bajeti ikae sawa?

Mama wa Ngamiani: Chuo kikuu cha umma anachosoma mwanangu (sikitaji jina) kimewatangazia wanafunzi kwamba mafunzo kwa vitendo ya muhula huu hayapo, bajeti imepelea. Wahadhiri wa muda wanadai tangu muhula uliopita. Lakini makamu mkuu wa chuo, manaibu wake na wakurugenzi hakuna aliyeguswa. Mimi nasema wakatwe asilimia 15 mpaka hali itengemae. Ada tumechangishana ukoo mzima, milioni 1.3, na mtoto anaishi kwa bumu, yaani mkopo wa kujikimu, la 10,000 kwa siku. Wenzangu mnasemaje?

Mhasibu, Chumbageni: Pole dada. Ila tupige hesabu. Mishahara ya watumishi wa vyuo vya umma inalipwa na Hazina. Ukimkata mkubwa, pesa inabaki Hazina, haiendi maabara. Na hata ingebaki chuoni, chukulia wakubwa watano wa milioni 10 kila mmoja: asilimia 15 yao ni milioni 90 kwa mwaka, sawa na ada ya wanafunzi 69 wa kama mwanao. Chuo chenye maelfu ya wanafunzi hakiponi kwa hiyo. Wazazi tujifunze kusoma bajeti kabla ya kulialia.

Mama wa Ngamiani: Kulialia? Hapo umenikosea adabu, kaka. Nakaanga samaki tangu alfajiri, bajeti naisoma kila siku ya Mungu. Mafuta yakipanda napunguza kwanza changu, siendi kumkata mteja kipande cha samaki. Kwa nini pale juu wanaanza na mteja?

Barabara ya Nane: Mama kasema. Na wahadhiri nao wasijifiche nyuma ya hao wakubwa. Wengi wanakimbilia kazi za ushauri mjini, darasani wanatuma wasaidizi.

Mhadhiri: Barabara ya Nane, hayo maneno uyarudishe ulikoyatoa. Nafundisha darasa la wanafunzi 400 kwa kipaza sauti kinachokatika kila baada ya sentensi mbili, walio nyuma wananakili kwa jirani. Karatasi za mtihani nimezisahihisha kwa taa ya simu. Nikatwe na mimi? Basi mtafundishwa na nani?

Barabara ya Nane: Sijakutaja wewe. Mbona umechomeka?

Mzee wa Raskazone: Wanangu, punguzeni. Mwalimu Nyerere mwaka 1966 alijikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20, na wakubwa wa serikali wakakatwa. Hakungoja mhasibu amwambie pesa itaingia fungu gani. Kiongozi anaanza yeye.

Kijana wa Makorora: Shikamoo mzee. Lakini imalizie hiyo habari. Alitangaza hayo siku ileile aliyowafukuza wanafunzi karibu 400, wengi wao wa Chuo Kikuu pale Dar, waliokwenda Ikulu kupinga JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) la lazima. Wakubwa walipunguziwa, wanafunzi wakarudishwa makwao. Huo ndio mfano tunaoutaka?

Mzee wa Raskazone: Marahaba. Walistahili! Walibeba bango la kusema ukoloni ulikuwa afadhali. Uhuru hata miaka mitano haujatimia, mkulima ndiye anayewasomesha, halafu waseme hivyo mbele ya Rais?

Binti wa Mkinga: Babu, bango lilikuwa baya, nakubali. Lakini hoja yao ilikuwa nini? Walitakiwa wapokee asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18, huku wakiwaona wakubwa wananeemeka. Yaani walisema anachosema Mama wa Ngamiani leo.

Mzee wa Raskazone: Usiifananishe JKT na uchoyo wa hawa. Mimi nimelima, nimekesha lindo, nimekula maharage yenye wadudu, na sijutii. Ninyi mnaoishi karibu na kambi ya Maramba ndio mlitakiwa muwe wa kwanza kulielewa hilo.

Binti wa Mkinga: Naielewa, babu, kaka yangu kapita hapo Maramba. Nasema tu kwamba aliye chini akiuliza kuhusu mshahara wa aliye juu, asijibiwe kwa kufukuzwa.

Kijana wa Makorora: Magufuli naye 2016 alisema atawashusha wanaolipwa milioni 40 wasizidi 15. Kwa hiyo siyo jambo geni.

Dereva Mstaafu: Mshahara acheni, mnatazama mlango siyo. Nimeendesha wakubwa wa chuo miaka mingi. Kikao cha siku moja hotelini hapa Tanga: mashangingi matatu yanatoka Dar, Chalinze, Segera, mpaka huku, kila moja na bosi mmoja kiti cha nyuma. Wakiingia kikaoni, sisi nje tunaacha injini zinanguruma tangu saa tatu hadi chakula cha mchana, ili bosi akitoka akute ubaridi. Mkubwa ana posho ya safari na posho ya kikao, dereva naye ana ya kulala. Wote wangeenea kwenye Kosta moja na viti vikabaki.

Mhasibu, Chumbageni: Hapo sasa mmefika. Posho za namna hiyo mara nyingi zinatoka kwenye mapato ya ndani, na mapato ya ndani ni pamoja na ada. Ukizibana, pesa inabaki chuoni.

Mama wa Ngamiani: Kumbe mafuta ya hilo shangingi nimeyanunua mimi! Basi nataka orodha ya posho, nani kalipwa nini, kwa kikao gani. Wanafunzi wana mwakilishi kwenye Baraza la chuo. Mwanangu atampelekea ombi hili kwa maandishi Jumatatu. Na ile asilimia 15 sijaiondoa.

Barabara ya Nane: Mhadhiri, kabla hatujalala: wewe vikao vya hotelini huendi?

Mhadhiri: Naenda ninapoitwa, na posho naipokea, maana malimbikizo yangu hayajalipwa. Orodha ikitoka na jina langu liwemo. Lakini na lile neno la wasaidizi, wewe bado hujalifuta.