Mlezi wa kambo apimwe kwa kipato au kwa roho yake? Tujadili

Mtoa mada:
Wakuu habari za jioni. Jana kwenye kikao cha familia mjomba kasema ustawi wa jamii wasimpe mtu mtoto wa malezi ya kambo (yaani kumlea kwa muda mtoto asiye wako) kama hana nyumba yake na kipato cha uhakika, hayo mengine yatajipa. Mimi sikubaliani naye kabisa.

Dada yangu ni mamantilie, kapanga vyumba viwili, aliletewa mtoto wa miaka saba. Mwezi mzima yule mtoto analala na viatu, nguo zake kaziweka kwenye rambo chini ya mto, ukimuuliza anasema "nikihamishwa tena nisisahau". Dada hakumvua wala hakumkemea, kila usiku anamlegezea kamba tu asiumie miguu halafu anazima taa. Asubuhi moja tukakuta viatu vipo mlangoni pamoja na vya wenzake. Uvumilivu wa hivyo hauonekani kwenye salari slipu.

Jibu:
Mkuu nakuelewa ila upole haununui unga. Ada shule za serikali ilishafutwa sawa, lakini sare, madaftari, mtoto akiugua usiku nani analipa?

Mtoa mada:
Kweli, mtu ambaye hata wanawe wanalala njaa asipewe, hapo sibishi. Ila nimeona pia nyumba ina geti na marumaru, mtoto wa kulelewa ndo anaosha vyombo wenzake wanaangalia katuni, huyo kachukua hausigeli wa bure. Halafu watu wanasahau malezi ya kambo sio kuasili, kuasili mahakama inakupa mtoto anakuwa wako moja kwa moja, kambo ni ya muda, ndugu wakipatikana na wakionekana wanafaa anarudi kwao. Kwahiyo unatafuta mtu atakayempenda kwa moyo wote na siku hiyo ikifika amfungashie begi bila kumsema vibaya mama yake. Yule mtoto alirudi kwa bibi yake mwaka jana, dada alilia wiki nzima, lakini kila Jumapili anampigia bibi simu, mtoto anaelezea mambo ya shule. Ningekuwa afisa ustawi ningeanza kuuliza hapo kabla ya mshahara.

Jibu:
Mimi nimelelewa hivyo, nyumba tatu. Niliyempenda ni yule aliyeniambia ukweli siku ya kwanza kwamba hajui nitakaa kwake hadi lini, ila sahani yangu ni hii.